UZI: Ndege ndogo inavyoanguka ikipaa. Tuzungumzie mizani ya kaunta

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kila ndege ndogo inapoanguka muda mfupi baada ya kupaa, maneno ya watu huwa ni yaleyale: injini imezima, hali ya hewa ilichafuka, au "huo ni mkono wa mtu". Karatasi ya mizani haitajwi. Mimi nimefanya kazi miaka minne kaunta ya ndege ndogo pale Kisongo, Arusha. Kazi yangu ilikuwa kupima mizigo, kupima abiria, kujaza karatasi na kumkabidhi rubani. Leseni ya urubani sina, kwa hiyo wenye nayo humu mnirekebishe nikiteleza. Ila kilo nazijua, na nimetukanwa kwa ajili ya kilo kuliko kwa jambo lingine lolote maishani mwangu.

Naanza na ajali ambayo watu wa rika langu wanaikumbuka.

Jumamosi tarehe 25 Agosti 2001, kisiwa cha Abaco, Bahamas. Mwimbaji Aaliyah, miaka 22, amemaliza kupiga video yake na anataka kurudi Marekani jioni hiyohiyo na watu wake. Pale uwanja wa Marsh Harbour inakuja kuwachukua Cessna 402B, ndege ya injini mbili za pistoni. Imechelewa, na watu wamechoka kusubiri. Waliokuwepo uwanjani walieleza baadaye kwamba kulitokea mabishano juu ya mizigo: inaambiwa imezidi, wenye mizigo wanataka iende yote. Mwishowe ikapakiwa yote. Saa moja kasorobo jioni ndege ikakimbia, ikanyanyuka, ikadondoka. Mabaki yalikutwa kama mita 60 tu kutoka mwisho wa barabara ya kurukia. Walikuwemo tisa, hakupona hata mmoja.

Wachunguzi walipopiga hesabu ya miili, mizigo na mafuta, walikuta mambo matatu ya uzito kwa pamoja. Ndege ile haikutakiwa kupaa ikiwa na zaidi ya ratili 6,300, yaani kama kilo 2,858, na ilikuwa imezidisha kama ratili 700, zaidi ya kilo 300. Ilikuwa na abiria mmoja zaidi ya idadi iliyoruhusiwa. Na uzito wenyewe ulikuwa umekaa nyuma kupita mpaka.

Hilo la tatu ndilo ambalo abiria wengi hawalijui, na ndilo lililonifanya nilete uzi.

Mnaujua mzega, ule mti wa begani wenye ndoo ya maji kila upande? Mbebaji mzoefu anajua mahali pa kuuweka begani ili ndoo zitulie. Ukiijaza zaidi ndoo ya nyuma, hata kama jumla ya maji ni ileile, mti unasukumika na mgongo unapinda. Ndege nayo ina bega lake, na bega hilo lina mpaka wa mbele na mpaka wa nyuma, umeandikwa kwenye kitabu cha ndege. Uzito ukirundikana mkiani, pua inataka kupanda yenyewe mara tu magurudumu yanapoacha ardhi. Rubani anasukuma usukani mbele ili aishushe, mkia hauna nguvu ya kutosha, pua inaendelea kupanda. Bawa likiinuka mno, hewa iliyokuwa inatambaa juu yake inabanduka, na bawa linaacha kubeba. Marubani wanaita stoli. Ukistoli futi 8,000 juu, unayo nafasi ya kushusha pua na kurudisha mwendo. Ukistoli futi 100 juu ya uwanja, ardhi inakuwahi.

Halafu uzito kwa jumla unaongeza mwendo ambao chini yake bawa haliwezi kukubeba. Zidisho la asilimia 11, kama lile la Marsh Harbour, linapandisha mwendo huo kwa asilimia 5 hivi. Ndege inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi, na ikishanyanyuka inapanda polepole zaidi. Rubani aliyezoea kuvuta usukani kwa mwendo fulani anavuta kwa mwendo uleule, na safari hii hautoshi.

Nitaendelea na habari ya joto na mwinuko, maana huko ndiko kwetu hasa. Karibuni.

#2

Niko hapa mkuu, endelea. Mimi nilijua siku zote ni injini.

#3

Mleta uzi, swali. Hizi ndege za Arusha kwenda Serengeti wanasema kilo 15 na begi laini, lisiwe na fremu ngumu. Mimi nilidhani ni njia ya kutukamua pesa za mzigo wa ziada. Kwani begi gumu lina kosa gani?

#4 – Mleta uzi

Mkuu #3, begi laini linakunjika na kuingia kwenye sanduku la mizigo chini ya tumbo la ndege. Begi gumu lisipoingia huko linapelekwa nyuma kabisa ya chumba cha abiria, na hapo ndipo ndoo ya nyuma ya mzega inapojaa.

Sasa joto na mwinuko. Marsh Harbour iko usawa wa bahari. Uwanja wetu wa Arusha uko futi 4,550 hivi juu ya bahari, Seronera kule Serengeti inapita 5,000, Wilson pale Nairobi karibu 5,500. Huku juu hewa ni nyepesi. Injini ya pistoni inavuta hewa hiyohiyo kuchoma mafuta, kwa hiyo nguvu inapungua. Pangaboi linakata hewa hiyohiyo, linashika kidogo. Bawa nalo linalala juu ya hewa hiyohiyo. Umepunguziwa mara tatu.

Joto linaongeza ubaya. Marubani wana hesabu ya haraka ambayo mmoja wao alinifundisha tukiwa tunasubiri ukungu uondoke: kwa mwinuko wa Arusha, joto la kawaida la vitabu ni kama nyuzi 6 za Selsiasi. Kila nyuzi moja inayozidi hapo, ongeza futi 120. Mchana wa Februari kipimajoto kikisoma 30, umezidi kwa 24, yaani futi 2,880. Ndege iko chini Kisongo, magurudumu yanagusa lami, lakini inahisi kama iko futi 7,400. Ndege ile iliyopaa saa moja asubuhi vizuri tu, saa nane mchana inataka barabara ndefu zaidi kwa mzigo uleule. Ndiyo maana safari nyingi zinapangwa asubuhi, na ndiyo maana mara nyingine rubani anaacha mabegi mawili nyuma wakati viti viko vitupu. Abiria anaona viti vitupu anakasirika. Viti havipimi kitu.

Kuna mtego mwingine. Ndege ikiwa karibu sana na ardhi, chini ya urefu wa mabawa yake, ardhi inapunguza ukinzani wa hewa kwenye mabawa na inaisaidia kuelea. Kwa hiyo ndege nzito inaweza kunyanyuka, abiria wakafurahi, kisha ikagoma kupanda zaidi ya hapo. Barabara imekwisha, mbele kuna miti.

#5

Kutoka Kenya hapa. Ulipotaja miti nimekumbuka Busia, tarehe 24 Januari 2003. Serikali mpya ya muungano wa NARC haikuwa imemaliza hata mwezi mmoja madarakani. Mawaziri walikuwa wamekwenda sherehe ya waziri mwenzao, Mzee Moody Awori, na jioni wakapanda ndege ya kuwarudisha Nairobi. Ilikuwa Gulfstream I, injini mbili za pangaboi, kubwa kuliko hizi Cessna, lakini kiwanja chenyewe kilikuwa kidogo cha mashambani. Ilipopaa ikagonga nyaya za umeme, ikaangukia nyumba. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, alifariki pamoja na marubani wawili. Waziri mwingine, Raphael Tuju, aliumia vibaya. Mimi nilikuwa darasa la saba, na mwalimu wetu alizima redio akatoka nje.

Tangu hapo, kila nikipita karibu na kiwanja kidogo natazama mwisho wa barabara kuna nini. Nyaya, vibanda, mahindi marefu. Ningeomba na wengine mtazame.

#6

Nami nichangie. Mimi ni fundi wa ndege, nimeshika spana kwa miaka 19. Mleta uzi amesema kweli kuhusu bega la mzega, ila uzito peke yake mara nyingi husubiri mwenzake. Soma ajali ya Charlotte, Marekani, tarehe 8 Januari 2003. Beech 1900D, ndege ya abiria 19. Usiku wa kuamkia siku ya kabla yake ilikuwa imefanyiwa matengenezo ya nyaya zinazovuta kile kibawa cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua. Fundi aliyefanya alikuwa bado anajifunza kazi ile, hatua kadhaa za kitabu zikarukwa, skrubu za kukaza waya zikawekwa vibaya. Matokeo: rubani akisukuma usukani mbele, kibawa kilishuka karibu nusu tu ya kiasi kinachotakiwa.

Ndege ikaruka safari tisa hivyohivyo bila shida. Zilikuwa safari zenye watu wachache. Safari ya kumi ikajaa, mabegi mengi nyuma, na karatasi ikasema uzito uko ndani ya mpaka kwa sababu iliandikwa kwa wastani: kila abiria kilo fulani, kila begi kilo fulani. Ilipopaa pua ikaanza kupanda. Marubani wakasukuma kwa nguvu zote, pua ikafika zaidi ya nyuzi 50 juu, ndege ikastoli na kuangukia hanga la ndege. Sekunde 37 tangu ipae. Walikufa wote 21.

Baada ya hapo mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza mashirika ya ndege ndogo yapime abiria halisi kwenye mizani. Wakakuta Mmarekani wa kawaida amezidi ule wastani wa vitabuni kwa zaidi ya ratili 20, yaani kama kilo 9. Vitabu vikabadilishwa. Zidisha kilo 9 kwa watu 19 uone.

Nilipoisoma ripoti hiyo nilirudi kazini nikafungua tena kazi niliyokuwa nimeshaitia saini, nikaihakiki upya. Ilikuwa sawa. Ila sikulala vizuri mpaka nilipoiona kwa macho.

#7

Samahani mleta uzi, mimi sikubaliani. Hiyo ajali ya Aaliyah unaileta kama ya mizani wakati inajulikana kabisa kwamba rubani hakuwa kwenye orodha ya walioidhinishwa na kampuni kuirusha ndege ile, na vipimo vya mwili wake vilikutwa na kokeini na pombe. Hapo tatizo ni rubani. Usitubebeshe abiria lawama.

#8 – Mleta uzi

Mkuu #7, hayo yote uliyosema ni kweli na yamo kwenye uchunguzi. Nimefikiri usiku kucha nikujibu vipi.

Rubani mzima, mwenye akili timamu na leseni sahihi, hawezi kulipunguza begi uzito. Kitu anachoweza ni kukataa. Anasimama mbele ya watu waliochoka, wenye haraka, wenye pesa, wanaompigia simu bosi wake, anasema "hatuondoki mpaka mabegi haya yashuke". Kukataa huko ni kazi, na inataka mtu aliyekamilika. Aliyeingia mlango wa uani, ambaye hata kibali cha ndege ile hana, atasimamia wapi? Kwa hiyo hali ya rubani na mizani ni jambo moja kwangu.

Lakini hata rubani mwema hupindishwa. Cheyenne, Wyoming, tarehe 11 Aprili 1996. Mtoto wa miaka 7, Jessica Dubroff, alikuwa anavuka Marekani kwa Cessna 177B akiwa na baba yake na mwalimu wa urubani. Vituo vya televisheni vinawasubiri kila mji. Mwalimu huyo makao yake yalikuwa uwanja wa pwani ya California, karibu na usawa wa bahari. Cheyenne iko juu ya futi 6,100. Asubuhi ile kulikuwa na mvua, upepo wa vishindo na radi inasogea. Ndege ilikuwa imezidi uzito kwa ratili 96, kama kilo 44. Wakapaa. Ikastoli muda mfupi tu baadaye, ikaanguka kwenye makazi ya watu, wakafa wote watatu. Wachunguzi waliandika kwamba ratiba ngumu na ahadi kwa vyombo vya habari zilichangia uamuzi wa kuondoka. Mwaka huohuo Marekani ikatunga sheria ya kuzuia watoto kushika usukani kwa ajili ya kuweka rekodi.

Kilo 44. Ni mabegi matatu ya safari. Hali ya hewa nzuri, uwanja wa chini, pengine zisingeonekana. Pale zilikuta mvua, mwinuko na haraka vimeshakaa vinasubiri.

Na niseme langu pia, maana nisiposema nitakuwa nawaficha. Siku moja mizani yetu iliharibika msimu wa watalii. Msimamizi akaniambia andika kilo 75 kwa kila kichwa. Nikaandika. Rubani, kijana mdogo tu, akachukua karatasi, akatazama abiria waliokaa kwenye benchi, akarudi kaunta. Hakupayuka. Aliniuliza, "Kaka, hawa umewaona?" Walikuwa wanaume wakubwa wa mchezo wa raga. Tukaazima mizani ya jirani, tukapima mmoja mmoja. Tulikuwa tumedanganya kwa zaidi ya kilo 200. Mabegi yakashushwa, yakaenda na ndege ya jioni, safari ikachelewa saa nzima, nikafokewa na pande zote. Yule rubani alinipa mkono kabla ya kupanda. Mkono ule naukumbuka mpaka leo.

#9

Hongera mkuu kwa kusema ukweli. Wengi wangenyamaza.

#10

Mimi ni rubani, narusha Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja. Mleta uzi hajateleza popote pakubwa. Naongeza machache ambayo hayahusu kilo, ili mtu asidhani kila ajali ya kupaa ni uzito.

Maji kwenye mafuta. Usiku wa mvua, kifuniko cha tanki kisipobana, maji yanaingia na kukaa chini. Ndege ikiwa imetulia injini inaweza kuwaka na kunguruma vizuri kwa mafuta yaliyoko kwenye mabomba, kisha maji yanafika wakati umeshaacha ardhi. Ndiyo maana mnatuona alfajiri tunazunguka na kikombe cha plastiki tukichuruzisha mafuta kutoka kila tanki na kuyatazama kwenye mwanga. Niliwahi kuchuruzisha vikombe vinne vya maji kabla mafuta hayajatoka safi. Aina ya mafuta nayo ni muhimu. Petroli ya ndege ina rangi ya samawati. Mafuta ya jeti hayana rangi au yana manjano hafifu. Injini ya pistoni ikijazwa ya jeti inaweza kuondoka uwanjani na kufia hewani.

Kufuli ya usukani. Ndege ikilala nje tunafunga usukani ili upepo usiupige mkia. Kuna watu wamekufa kwa sababu waliisahau mahali pake. Ukiniona nauzungusha usukani pande zote kabla ya kupaa, nahakikisha uko huru.

Na injini ikizima mara tu baada ya kupaa, moyo wote wa binadamu unataka kugeuka kurudi uwanjani. Tunafundishwa kuukataa moyo huo. Shusha pua, tafuta pa kutua mbele yako, kulia kidogo au kushoto kidogo. Ukiinamisha ndege nyuzi 45 kugeuka, mwendo wa kustoli unapanda karibu asilimia 19. Ukiinamisha 60, unapanda asilimia 41. Huna injini na huna mwinuko, mwendo huo utautoa wapi? Kutua kwenye shamba la ngano ndege ikavunjika miguu, watu wanatoka. Kustoli kwenye kona ni habari nyingine.

Wenye injini mbili msijione mko salama zaidi. Ndege ndogo ya pistoni ikipoteza injini moja hupoteza nusu ya nguvu lakini kiasi cha asilimia 80 ya uwezo wa kupanda, maana sehemu kubwa ya nguvu ilikuwa inatumika tu kubaki hewani. Ikiwa nzito, huku kwetu juu na wakati wa joto, inaweza isipande kabisa.

#11

Mimi ni mwongoza watalii. Ninachofanya siku hizi, wiki moja kabla ya safari namwandikia kila mgeni peke yake ujumbe kuomba uzito wake na wa begi, namweleza ni kwa ajili ya rubani. Wakiandika naongeza kilo chache, maana watu wanajipunguzia. Wakifika kaunta hakuna mshangao.

#12

Naomba msaada wenu. Ijumaa nasafiri na mama yangu Arusha kwenda Zanzibar, ndege ndogo. Mama ni mnene na ana aibu sana ya kupimwa mbele za watu. Ameshaanza kusema heri tupande basi mpaka Dar tukavuke kwa boti. Nimwambie nini?

#13 – Mleta uzi

Dada #12, mpe mama shikamoo yangu. Fikeni mapema, dakika 40 kabla ya wengine, kaunta inakuwa tupu. Mwambie mpimaji kwa sauti ya chini kwamba mama asingependa namba isomwe. Mizani nyingi kioo chake kinaweza kugeuzwa kimwelekee mpimaji peke yake, na akipenda mama anaweza kupanda akiwa na pochi yake mkononi, vikahesabiwa pamoja, hakuna atakayejua kipi ni kipi. Inayotakiwa ni jumla.

Huenda pia rubani akamwomba akae kiti cha mbele. Mwambie asilichukulie vibaya. Anasawazisha mzega. Na mbele ndiko unakouona mlima vizuri kama mawingu yamefunguka. Ukirudi Jumatatu utuambie ilikuwaje.

#14

Asante sana kaka. Nimemsomea mama, ameuliza tu kama kiti cha mbele kina mkanda mrefu.

#15 – Mleta uzi

Upo wa kuongezea. Aombe kabla hajapanda, watamletea.